Mbuzi Hii Utaibeba Mkononi

Mwanangu Kahindi,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukikata uwanja kwenda kumuaga nyanya yako. Umevaa shati jipya, na ukanda umeufunga tundu la mwisho. U mzima. Mimi pia ni mzima, ila sijawahi kuandika barua inayozidi ukurasa mmoja, na mwalimu wetu wa darasa la watu wazima hayupo hapa kunisahihisha. Ukiona kosa, lipite. Ukiona mahali kalamu imekazwa hadi karatasi ikatoboka, hapo usipapite. Nimekaza makusudi.

Kesho unakwenda Mombasa. Sitakuandikia chumvi iwe kiasi gani wala nguo zianikwe vipi. Hayo umeyaona wiki hizi tatu, na usiyoyaona utayaunguza mwenyewe ujue. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumapili juu ya mdogo wako wa kike, mbele ya mjomba wako. Ulisema, "Basi Kadzo aje muhula wa kwanza tu, mama. Nikishazoea atarudi." Nikakujibu, "Haendi," nikainuka nikaenda zangu kwenye makuti. Ulinuna, na umenuna mpaka leo. Jibu langu lilikuwa fupi mno, ndiyo maana nalirefusha hapa. Kaa chini ulisome.

Unakumbuka siku mjomba wako Charo alipoileta ile barua ya chuo. Alisimama mlangoni ameinyanyua juu kama refa mwenye kadi, akapiga kelele, "Fundi wa umeme yuko wapi?" Kadzo alikurukia shingoni mkaanguka nyote wawili. Tulichinja kuku. Kisha mjomba wako akajifuta mdomo, akasema kana kwamba ni jambo lililokwisha pangwa kitambo, "Chumba nimeshamwambia mtu anitafutie. Kadzo ataenda naye."

Nikamuuliza, "Kwenda kufanya nini?"

"Kufanya nini tena, Sidi? Nani atampikia huyu?"

"Mwenye njaa."

Alicheka, akadhani nafanya mzaha. "Umeme si mchezo. Mtoto wa kiume akishinda jikoni atasoma saa ngapi?"

"Na Kadzo akishinda jikoni atasoma saa ngapi?"

"Shule ziko Mombasa pia. Tutamtafutia. Ni mwaka mmoja tu."

Wewe ulikuwa hapo, unakwangua ukoko wa wali, hukuinua macho. Sikulaumu kwa siku ile. Ulikuwa na furaha yako, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri. Lakini mimi niliposikia "mwaka mmoja tu" nilihisi kama mtu amenishika nyuma ya shingo. Maneno hayo nayajua. Yalisemwa juu ya kichwa changu kabla ninyi hamjazaliwa, na aliyekuwa akipelekewa mpishi wakati ule ni huyu huyu mjomba wako.

Jioni ile Kadzo alinifuata jikoni. Alikuwa ameshika sare yake ya shule, ameikunja vizuri, kola juu. Akaniuliza, "Mama, na hii niifunge, ama nitapewa nyingine huko?"

Hakulia. Angelia ningempangusa machozi, yakaisha. Aliuliza tu, kwa adabu, kama anayeuliza sufuria ziwekwe wapi. Ana akili za kuwafundisha wenzake hesabu pale nje ya dirisha letu, yuko Gredi ya Tisa, na alikuwa tayari kujifunga pamoja na vyombo vyako. Nikaitambua sauti ile. Ilikuwa yangu.

Mimi nilikuwa darasa la sita hapa Magarini. Nikwambie jambo ambalo sijawahi kulitamka nyumbani kwa kuogopa kuonekana najisifu: nilikuwa nasoma vizuri kuliko wote. Waliposhindwa darasa la saba niliitwa mimi. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mnene aliyetembea na chaki sikioni kama fundi seremala, na kila nikisimama kusoma alinikumbusha, "Soma mpaka mwisho wa sentensi, Sidi, ndipo upumue." Nilikuwa na haraka, nakata maneno katikati. Alinifundisha kufika kwenye nukta.

Kisha Charo akapata nafasi ya sekondari Malindi, shule ya kutwa, akapangiwa chumba mtaa wa Barani. Wazee wakakaa, wakauliza lile swali, nani atampikia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wakasema Malindi kuna shule kuliko hapa, nitatafutiwa, ni mwaka mmoja tu. Niliondoka na mbuzi ya kukunia nazi kichwani, hii hii iliyoko jikoni kwetu, na sare yangu ndani ya mfuko. Chumba kilikuwa na msumari mmoja ukutani. Sare ya Charo ilitundikwa hapo. Yangu ilibaki mfukoni mpaka ikanibana, nikaikata vitambaa vya kushikia sufuria.

Nilikaa miaka minne. Nilipika, nikafua, nikapiga pasi ya mkaa. Siku moja niliunguza kola ya shati lake kwa sababu kitabu chake kilikuwa wazi kwenye picha ya moyo wa mwanadamu, nami nilikuwa nahesabu vyumba vyake. Charo hakunipiga. Hakuwahi kunipiga. Alisema tu, "Dada, ukitaka kusoma nisubiri nimalize mimi." Nataka ujue kwamba hakuwa mtu mbaya, na wewe si mtu mbaya. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba aliyeamini kwamba sima huota mezani. Aliyemwaminisha hivyo ni mimi, kila jioni.

Mwaka wa pili mwalimu wangu alikuja Malindi kwa shughuli zake. Aliniulizia nyumba kwa nyumba pale Barani mpaka akanipata nimekaa uani, juu ya mbuzi, nakuna nazi. Nilitaka kuinuka nikimbie. Nilikuwa nimejifunga leso iliyochakaa na nywele zangu zimejaa majivu.

"Kaa," akaniambia. "Shule wamekutafutia?"

Nikamwambia, "Nimependa mwenyewe kukaa, mwalimu. Kaka ananihitaji."

"Umependa?"

"Ndiyo."

Akatoa chaki sikioni, akaitia mkobani. Akasema, "Soma mpaka mwisho wa sentensi, Sidi."

Sikuisoma. Nilijua inavyoendelea. Ilikuwa, lakini nataka kurudi shule. Maneno manne, Kahindi. Niliyashika kinywani nikatazama nazi niliyoikuna, na yule mama alingoja, alingoja kweli kweli, kisha akaaga. Hakuna aliyenikataza kusema. Charo alikuwa shuleni, wazee walikuwa Magarini, uani palikuwa na mimi na mtu mmoja aliyekuja mbali kunisikiliza. Nilinyamaza mwenyewe. Miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kana kwamba nilitolewa sadaka, nanyi mmenisikia nikijisifu arusini na matangani, "Mimi ndiye niliyemsomesha kaka yangu." Sehemu ya mwalimu niliiruka kila mara. Leo ndiyo mara ya kwanza naiweka wazi.

Ndiyo sababu nilipofungua daftari tena, uzee huu, nikiketi na kina mama wenye wajukuu na yule mzee anayesinzia kabla ya imla, mlishangaa kwa nini sikosi hata siku moja. Ulinitania, "Mama, utakuwa kiranja lini?" Naenda kumaliza ile sentensi, mwanangu. Hakuna kingine.

Sasa nakuja kwenye kosa ninalodaiwa na wewe.

Ulikuwa na miaka saba. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta umekaa juu ya mbuzi, miguu haifiki chini vizuri, unakuna nazi, ulimi umetoka nje kwa bidii. Sinia lilikuwa na nazi kidogo na mchanga mwingi. Uliniona ukasema, "Mama, nakupikia." Hukutumwa na mtu. Uliona nimechoka ukaamka ukafanya.

Mama Riziki, jirani yetu, alikuwa anapita. Akasimama kwenye ua, akasema, "Hee, Sidi! Unamlea mke wa nani hapo?"

Nikakuzaba kofi. Nilikuvuta kwa mkono nikakwambia mwanamume hakalii mbuzi, nikakufukuza ukacheze. Ulikwenda kulia nyuma ya nyumba. Na mimi, niliyeachishwa shule kwa sababu kaka yangu hakuweza kujipikia, nikakaa juu ya ile mbuzi nikamaliza kukuna, nikauchambua mchanga, nikakupakulia. Miaka kumi na miwili nimekupakulia. Kadzo alipofikia kimo nilimwita yeye jikoni, si wewe. Nilikuwa nakutengenezea Barani yako bila kujua. Kisha Charo alipouliza nani atampikia huyu, nikashangaa swali limetoka wapi, na kumbe nimelipika mimi.

Nisamehe kofi lile. Nimelisema mpaka nukta.

Wiki tatu hizi nimejaribu kulirudisha lile kofi nyuma. Ulinuna, lakini ulijaribu, na nakupa haki yako. Sima ya kwanza Kadzo aliigonga na mwiko akauliza, "Kaka, hii tunakula ama tunajengea?" Ukamrushia donge. Mchicha uliuosha mara moja tukatafuna changarawe. Siku ya nne ukapata sima iliyosimama, ukaiangalia kama umeizaa. Nilikuona. Ulijifanya hujali, lakini ulizunguka ile sahani mara mbili.

Kisha ikaja siku ya nazi. Nilikutolea mbuzi hapo uwanjani, mchana kweupe, kwa sababu sitaki ujifunze kitu kwa kujificha. Ulikaa. Ulikuwa umekuna nusu ya kifuu, na tui lingetoka zuri, nazi yako ilikuwa laini. Akapita nani? Mdomo ule ule.

"Kahindi!" akaita Mama Riziki. "Umeolewa lini nasi hatukualikwa?"

Safari hii sikukugusa. Nilimjibu mimi. "Bado hajaolewa, anangoja wewe umletee mahari!" Alicheka mpaka akashika ua. Kwake ulikuwa utani umekwisha. Lakini wewe uliweka kifuu chini, ukapangusa mikono kwenye suruali, ukaenda barabarani. Mbuzi hujaikalia tena tangu siku hiyo. Na Jumapili ukasema, basi Kadzo aje muhula wa kwanza tu.

Kwa hiyo nakuuliza, na sitaki unijibu kwa mdomo. Maisha ya mdogo wako yabadilike kwa sababu Mama Riziki amecheka?

Nenda Malindi, ukatize kwenye hoteli za ufuoni, uchungulie jikoni. Wanaume watupu. Wana kofia nyeupe ndefu, wanakuna, wanakaanga, wanaosha, na wakirudi majumbani hakuna anayewauliza wameolewa lini. Basi mikono inaweza. Kinachoshindikana ni kupika pale ambapo hakuna anayekulipa wala kukupigia makofi. Huko ndiko nataka ufike. Watu wakikucheka, wacheke, wewe endelea kukuna. Kicheko hakizidi urefu wa ua wetu. Mimi nilikiogopa, nikakitii kwa kofi, na gharama yake unaiona.

Nikwambie na mwisho wa kumpikia Charo. Mwaka jana mke wake alipopata kazi Kilifi na kuhamia huko siku za wiki, nilimtembelea mjomba wako mchana mmoja. Nilimkuta amekaa mezani na mkate mkavu. Sufuria zote zilikuwa safi, zimening'inia ukutani kama za duka. Shati lake halikuwa na kifungo cha tumboni, amelishika kwa pini. Mtu mwenye ofisi, anayeheshimiwa na mji mzima, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sidi, hivi sima, maji huanza au unga?"

Tulicheka. Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki tena, ameinamia ule mkate, na mabega yanatikisika. Akasema, "Sijui kitu, dada. Sijui kitu chochote." Na mimi nikafanya nini? Nikainuka nikampikia, nikamshonea na kifungo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia simama hapa tufanye pamoja, nikaipoteza kwa mazoea ya mikono. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu.

Kwa hiyo usidhani nakunyima msaidizi kwa sababu sikupendi, au kwa sababu nina kinyongo na mjomba wako. Nimemwona anayepikiwa maisha yake yote akifika umri ule. Sitaki wewe ufike hapo. Nakupenda zaidi ya kukupikia.

Jumapili mjomba wako aliondoka amekasirika, uliona. Alisema kama Kadzo haendi, mambo ya chumba na mengine tutajijua wenyewe. Basi tumejijua. Chumba utashiriki na mwenzako wa chuo, ni kidogo, mtapishana kwa ubavu. Mimi nitashona makuti zaidi. Nitamheshimu kaka yangu, nitampigia simu, nitampelekea nazi na maembe kama kawaida. Mtoto wa kike simpelekei.

Kuna jambo moja la kujifunza ambalo kwangu linazidi kupika na kufua, nalo ni kusema usichokijua. Utafika huko utakuta wenzako wanajifanya wajuzi. Wewe sema, "Sijui kutumia hili jiko, nionyeshe." Sema, "Leo nina njaa na sina nguvu, tusaidiane." Sema, "Nimeshindwa na somo hili." Ukiumwa, sema unaumwa, usiseme uko sawa. Usikae juu ya kitu ukatazama nazi huku mtu amesimama mbele yako anangoja. Watu wa kungoja hivyo ni wachache, nao huaga wakaenda zao.

Na siku utakapotamani kurudi, maana itakuja, labda wiki ya pili, mvua inanyesha, umeunguza chakula na mwenzako amekukasirikia, usinipigie uniambie nikuletee Kadzo. Nipigie uniambie umeunguza nini, tucheke. Kisha suuza sufuria uanze upya. Sima ya pili huwa na adabu.

Begi lako nimelifunga. Nguo ziko chini, madaftari juu, sindano na uzi vimo kwenye mfuko wa pembeni. Mbuzi haikuingia. Nimeijaribu kwa upana na kwa urefu, ule ulimi wake wa chuma unatoboa begi. Ningeweza kuitafutia gunia. Nimekataa. Nimeiweka kando ya mlango, imeoshwa, mbao zake zimekazwa upya. Utaibeba mkononi, wazi, kutoka hapa, kupita kwa Mama Riziki, kupita sokoni, mpaka kwenye gari na mpaka Mombasa. Mimi niliibeba kichwani kwenda kumpikia mtu. Nataka itoke tena nyumba hii na mtu anayekwenda kujipikia.

Mimi na Kadzo tutaazima ya jirani. Ndiyo, ya huyo huyo. Ataitoa, na atasema neno, nami nitamjibu.

Ukiibeba kesho, nitakuwa nimepata jibu lako bila wewe kufungua kinywa. Ukiiacha hapo mlangoni, pia nitajua, sitakufuata nayo, nitakubusu uende salama na nitakuombea vile vile. Lakini Kadzo haendi. Isome tena hiyo. Kadzo haendi, hata kwa muhula, hata kwa wiki.

Amepiga pasi sare yake sasa hivi, ninavyoandika. Kola haikuungua. Nimempigia msumari ukutani, umeuona ulipoingia? Ni wake. Asubuhi mtatoka pamoja nyote wawili, wewe ushike njia ya stendi, yeye ya shule, nami nitasimama uwanjani niwatazame mpaka mtakapotengana pale kwenye kona. Nikishaacha kuwaona, nitachukua daftari langu. Alasiri tuna imla.

Mama yako,
Sidi